Nje ya Geti la Majimaji

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: mchezaji anayestahili sanamu nje ya uwanja wa timu yake ni mfungaji. Ukiniuliza nani na nani, nilikuwa nakutajia bila kumeza mate. Thierry Henry, mabao 228 akiwa Arsenal. Abdallah Kibadeni, kwa mabao yake matatu ya Julai 19, 1977, siku Simba ilipoichapa Yanga sita bila. Peter Tino, kwa bao la Ndola mwaka 1979 lililotupeleka Lagos kwenye fainali za Afrika za 1980. Mbwana Samatta, kwa mabao aliyoifungia Genk msimu wa 2018/19 hadi ikatwaa ubingwa wa Ubelgiji. Nilipima watu kwa mabao kama karani wa mizani anavyopima lori la makaa. Leo jibu langu ni jingine, na haya ninayoandika ni ushuhuda wa namna lilivyogeuka.

Naishi Ruanda. Si ile ya Kigali, ingawa kila nikipiga simu Dar lazima mtu anichekeshe kwa kuniuliza hali ya huko. Ni kata ya Ruanda, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, penye makaa ya mawe ya Ngaka. Uchimbaji ulipoanza pale Ntunduwaro mwaka 2011 malori yakaja, malori yakaleta watu, na watu wakataka mpira. Mimi wakati huo nilikuwa dereva wa transiti, Dar hadi Tunduma hadi Lusaka. Foleni ya Tunduma ikanichosha, nikarudi nyumbani na kufungua kibanda umiza. Turubai juu, mabenchi ya mbao, televisheni moja kubwa, dekoda, na jenereta kwa siku ambazo umeme unatususia. Kiingilio shilingi mia tano. Wateja wangu ni madereva wanaosubiri kupakia, vibarua wa mgodini, bodaboda, na wakulima wa kahawa walioshuka kutoka milimani wakiwa na shughuli zao.

Anayejua kibanda umiza anajua kwamba mechi ni kisingizio. Watu wanalipa ili wabishane. Na ubishi wa sanamu ulikuja wenyewe, maana kamera za Uingereza hupenda kuzionyesha kabla ya mechi. Pale Emirates wamesimamishwa Henry na Tony Adams tangu 2011, akafuata Dennis Bergkamp 2014. Old Trafford wako watatu kwa pamoja, Best, Law na Charlton, tangu 2008. Jumamosi moja tukaanza kugawana: nani angesimama nje ya uwanja wa Simba, nani wa Yanga, nani mbele ya Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa ajili ya Stars. Kelele zikawa nyingi kuliko jenereta.

Kwenye benchi la nyuma alikuwa ameketi mzee mmoja, mkulima wa kahawa, katekista mstaafu. Ligi ya Uingereza haimhusu; anakuja kwa sababu ya watu. Akaniita.

"Mwanangu, hizo sanamu zenu ziko ndani ya uwanja au nje?"

"Nje, mzee. Karibu na geti."

"Nje kuna nani?"

"Mashabiki."

"Hapana. Mashabiki wameshaingia. Nje kuna mama wa karanga, mlinzi, bodaboda, na mtoto aliyekosa kiingilio. Hao ndio mnaowawekea sanamu. Sasa huyo Henry wenu anamwambia nini mama wa karanga?"

Nikamjibu kwa mzaha kwamba anamwambia apunguze bei. Watu wakacheka, naye akacheka, refa akapuliza filimbi tukaendelea. Lakini swali lile liligoma kuondoka. Nilikuwa nafunga kibanda usiku, nakusanya chupa, nalikuta limenisubiri.

Mapumziko ya mechi nyingine, bila mtu kumwomba, alisimulia alivyokwenda Songea enzi zile kuiangalia Majimaji. Barabara ya vumbi, alidandia lori la kahawa, akafika mechi imeanza na uwanja umejaa. Hakuingia. Mechi nzima aliisikiliza kwa nje, amesimama na wengine waliokosa nafasi, wakijua nani ameshika mpira kwa namna watu wa ndani walivyokuwa wakiguna. Alirudi Mbinga akaisimulia ile mechi kwa miaka kama mtu aliyekaa jukwaa kuu. Aliposema hivyo nilielewa kwa nini ana habari na watu wa nje.

Kwa vijana waliozaliwa juzi, nieleze kidogo. Majimaji ya Songea, Wanalizombe, jina walilolitoa kwenye ngoma ya Wangoni, ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1985, ikautwaa tena 1986, na mara ya tatu 1998. Na mwaka huohuo wa 1986 Tukuyu Stars kutoka Rungwe ikachukua ubingwa wa Bara. Miaka ile kule Kariakoo, kwa Simba na Yanga, hawakulala vizuri: vikombe vilikuwa vinapanda milima ya kusini, kwenye miji ambayo wengi wao wasingeweza kuionyesha kwenye ramani. Baadaye mambo yakawa magumu kama yanavyokuwa kwa timu yoyote ya mkoani isiyo na tajiri. Majimaji ilirudi Ligi Kuu 2015, ikashuka tena mwisho wa msimu wa 2017/18. Wateja wangu wengi hawajawahi kuiona kwenye televisheni.

Basi nikafanya jaribio. Niliwaambia vijana wanitajie kikosi cha Arsenal kilichomaliza msimu wa 2003/04 bila kufungwa. Wakaimba kuanzia Lehmann hadi Henry, na mmoja akaongeza wa benchi. Nikawaambia, haya, nitajieni mmoja tu wa Majimaji ya 1985. Kimya. Kisha kijana mmoja, utingo wa lori la makaa, akajitosa: "Songea Mbano!"

Kibanda kilivunjika kwa kicheko. Songea Mbano ni nduna wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji. Kama aliwahi kugusa mpira, historia haijasema. Lakini nilipotulia niliona kijana yule hakuwa mbali na ukweli kama tulivyodhani. Nilimwuliza jina lile amelitoa wapi. Akasema shuleni, walipelekwa Songea kwenye makumbusho, wakaziona sanamu.

Hapo ndipo nilipogeuka, kama nitalazimika kuonyesha mahali. Mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita anajulikana na utingo wa Ruanda kwa sababu jina lake limesimamishwa mahali ambapo mtoto anaweza kupita. Na wanaume walioipa Songea ubingwa, ambao baadhi yao huenda bado wanapanga foleni ya gesi na kwenda jumuiya kama sisi, hawajulikani na mtoto yeyote.

Nilikwenda pale makumbusho. Pako Mahenge, mjini Songea, na ni mahali pasipo na majivuno. Kuna kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa Februari 27, 1906, zaidi ya 60, na kaburi la Songea Mbano peke yake, ambalo kwa simulizi za wazee halina kichwa, maana kichwa kilichukuliwa na Wajerumani. Ni mahali hapo ambapo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Novemba 1, 2023 akaomba msamaha. Nilisimama mbele ya sanamu za wale manduna nikawaza jambo ambalo huenda lilikuwa wazi kwa kila mtu ila mimi: hawa walishindwa. Vita vilipotea, watu walikufa kwa risasi na kwa njaa, na bado mji huu uliwachonga, ukaipa timu yake ya mpira jina la vita vile. Sijui mji mwingine wenye timu iliyojiita kwa jina la vita ambavyo mji huo ulishindwa. Songea haina shida ya kumheshimu mtu asiyekuwa na kombe mkononi. Kwa hiyo dereva mmoja aliponiambia, "Kaka, timu yenyewe imeshuka daraja, sanamu ya nini?", nilikuwa na jibu. Mji huu ulishajibu swali hilo kabla mimi na yeye hatujazaliwa.

Kumbukumbu nyingine ikaamka, ya Lusaka. Enzi za udereva, siku moja mzigo ulichelewa kushushwa nikaenda kuuona Uwanja wa Independence. Pembeni yake kuna makaburi, wanapaita Heroes Acre. Aprili 1993 ndege ya jeshi iliyokuwa imewabeba wachezaji wa Zambia kwenda Senegal kucheza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Watu 30 walikuwemo, hakupona hata mmoja. 18 walikuwa wachezaji. Kalusha Bwalya, nyota wao mkubwa, alikuwa kwenye klabu yake ya PSV huko Uholanzi, ndiyo maana aliishi. Kocha Godfrey Chitalu, ambaye enzi zake alikuwa mfungaji wa kutisha, amelala pale. Golikipa Efford Chabala amelala pale. Waliokuwa wanaanza na waliokuwa wanakaa benchi, wote pale.

Siku ile nilisoma majina, nikasikitika, nikarudi kwenye lori. Niliichukulia kuwa habari ya msiba. Baada ya maneno ya mzee nikaiona upya. Wazambia hawakukaa kikao kuchagua nani kati yao alifunga mengi. Waliiweka timu nje ya uwanja, timu nzima, na wauza maji wa Lusaka wanapita pale kila siku ya mechi. Zambia ilipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2012, ilitwaa Libreville, mji uleule, na wachezaji walikwenda kwanza ufukweni kuweka maua. Vijana wale wengi walikuwa watoto wadogo ndege ilipoanguka. Nani aliwafundisha? Nadhani tunajua.

Sasa niseme lililo moyoni bila kuzunguka. Mchezaji mmoja, peke yake, hafai kusimama nje ya Uwanja wa Majimaji. Kinachofaa ni kikosi, chote, na waliokihudumia.

Sanamu ya mtu mmoja ina matatizo yake hata kule kwenye pesa. Malmö, Sweden, walimsimamisha Zlatan Ibrahimović Oktoba 2019, mtoto wao wa kuzaliwa. Mwezi uliofuata akanunua hisa za Hammarby, timu ya Stockholm. Mashabiki wakaichoma moto ile sanamu, wakaikata pua, na Januari 2020 wakaikata miguu ikaanguka. Mtu aliye hai bado ana nafasi ya kukuudhi. Kuna pia suala la sura: sote tulicheka kinyago cha Cristiano Ronaldo pale uwanja wa ndege wa Madeira mwaka 2017, na mwaka uliofuata Misri wakamchonga Salah tukacheka tena. Hata sanamu ya Mwalimu Nyerere iliyozinduliwa Addis Ababa Februari 2024, Watanzania walibishana kama inafanana naye. Ikiwa Baba wa Taifa, ambaye picha yake ilikuwa kila ofisi, anabishaniwa, beki wa kulia wa mwaka 1985 atapona?

Halafu kuna Eusébio. Hili nalitaja kwa sababu ya majirani zetu wa ng'ambo ya mto Ruvuma. Alizaliwa Maputo, enzi hizo ikiitwa Lourenço Marques, mwaka 1942. Akafunga mabao tisa Kombe la Dunia la 1966 akiwa na jezi ya Ureno. Na sanamu yake ya shaba inasimama Lisbon, nje ya uwanja wa Benfica. Sina ugomvi nayo, aliwafungia wao. Ila inaonyesha sanamu inavyofuata mahali palipo na uwezo, si mahali mtu alipotoka. Ndiyo maana Samatta, ambaye bado namwona anastahili kuliko mchezaji yeyote wa kizazi chake hapa nchini, mimi ningemweka Mbagala alikokulia. Pale Mkapa wanapita wageni. Mbagala wanapita watoto.

Wapo wanaosema kama ni Songea basi aanze Lawrence Gama, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa CCM, maana wazee wa huko wakisimulia Majimaji hawaendi mbali kabla ya kumtaja. Namheshimu. Lakini viongozi wamepata sehemu yao: Sokoine Mbeya, Ali Hassan Mwinyi Tabora, Sheikh Amri Abeid Arusha, Mkapa Dar. Ukizunguka viwanja vya Tanzania utadhani mpira ulichezwa na mawaziri. Wenzetu wameanza kubadilika. Nairobi walimpa Joe Kadenge jina la City Stadium alipofariki mwaka 2019. Kampala uwanja wa KCCA pale Lugogo unaitwa kwa jina la Philip Omondi. Hao ni watu waliovaa njumu.

Kikosi kizima kitachongwaje? Jibu liko mkoa wa jirani. Wamakonde wana mtindo wa kuchonga unaoitwa ujamaa: gogo moja la mpingo, ndani yake watu wengi wamebebana, huyu amekanyaga bega la huyu, mikono imeshikana, na ukiangalia haraka huwezi kusema nani ni mkubwa. Hakuna sura moja inayotawala. Mtindo huo unafahamika duniani, na sijauona umesimamishwa mbele ya uwanja wowote wa mpira. Mpingo wenyewe hautafaa kwa sanamu ya nje, jua na mvua vitaupasua. Mchongaji achonge mfano, kisha utengenezwe kwa zege au shaba. Golikipa, mabeki, viungo, washambuliaji, wa akiba, kocha, daktari wa timu, mtunza vifaa. Na mama aliyewapikia kambini, mzee alisisitiza hilo, na mimi naliunga mkono. Chini yake yaandikwe majina yote kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la tatu anaweza kusoma.

Bodaboda mmoja hapa, kijana mwenye akili, aliniambia kabla ya sanamu vijengwe vyoo. Sina la kumpinga. Vyoo vijengwe. Ila nimegundua kitu kuhusu hoja ya vyoo: hutolewa kila mara inapotajwa kumbukumbu, na isipotajwa kumbukumbu vyoo navyo havijengwi.

Mimi nimeanza na kilicho ndani ya uwezo wangu. Kibandani, pale palipokuwa na bango la Ligi ya Uingereza, nimebandika karatasi kubwa yenye mistari mitupu, juu imeandikwa Majimaji 1985, 1986, 1998. Mzee yeyote anayekumbuka jina analiandika, na anayelileta na ushahidi, picha au kipande cha gazeti, anaingia bure mechi ya siku hiyo. Wawili walikaribia kupigana kwa ajili ya beki wa kushoto. Dereva mmoja wa Songea alimpigia simu baba yake tukamweka kwenye spika, kibanda kizima kikamsikiliza mzee akitaja namba moja baada ya nyingine huku mechi ya Chelsea ikiendelea bila mtazamaji. Nilipata hasara ya soda siku hiyo, lakini sijawahi kuona vijana wa Ruanda wametulia vile.

Majina siyaandiki hapa, kwa makusudi. Orodha haijakamilika, na nikitaja watatu leo nitakuwa nimeshachonga watatu.

Kwa hiyo ninaomba. Wewe uliye Songea, Mbinga, Nyasa, Namtumbo au Tunduru, au uliyehamia mbali na hujaisahau Wanalizombe: kama kuna picha ya kikosi kwenye albamu ya nyumbani, igeuze, andika nyuma jina la kila mtu unayemjua, kuanzia golikipa hadi mtunza vifaa. Piga nakala. Nakala moja ipeleke Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, ya pili ibaki na wajukuu. Na kama huna picha lakini jirani yako aliwahi kuivaa ile jezi, nenda kamsikilize wiki hii. Waliocheza mwaka 1985 ni wazee sasa.